Fremu 200 kwa mwezi: anza na jigi

Ndugu, umeuliza uongeze printa ngapi za 3D ili fremu za mikono ya roboti zipande kutoka 5 hadi 200 kwa mwezi. Nakuomba usiongeze hata moja. Kila printa itaenda mwendo uleule wa kinyonga, na PLA, ile plastiki ya kuchapia, hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Acha kipande ndani ya gari lililoanikwa juani Changamwe, Mombasa, jioni utakikuta kimepinda.

Hamia bati la alumini, likatwe kwa leza na kukunjwa. Kalibu ya kumiminia alumini iliyoyeyushwa ni ghali, hurudisha gharama ukifika maelfu.

Kazi hasa iko kwenye matundu ya beringi. Tundu la milimita 22 likizidi kwa milimita 0.05 tu, beringi inacheza na ncha ya mkono inatetemeka. Tengeneza jigi, yaani kishikizo cha chuma chenye pini mbili, kila kipande kikae palepale kabla ya kutobolewa. Pima cha kwanza, kisha kila cha kumi, uandike. Ila kiache kipoe kwanza, maana alumini ikipata joto hutanuka.

Bolti zisizoshika kutu zipake grisi: kwa hewa yetu ya chumvi, alumini huliwa pale zinapoigusa.