Jibu: Mshale wa nne si mbovu

Ndugu, umeuliza kama saa ya marehemu mzee wako imeharibika kwa vile mshale wa nne haukubali kusogezwa peke yake. Haijaharibika. Saa nyingi za zamani za majira mawili (zinazoonyesha saa za sehemu mbili za dunia kwa pamoja) ziliundwa hivyo: mshale huo umeunganishwa kwa gia na ule wa saa, nao huzunguka mara moja tu kwa saa 24. Majira ya pili unayapata kwenye pete ya nje yenye namba. Kisumu ikiwa saa tisa mchana mshale unaelekea 15. Zungusha pete kulia mpaka 12 ikae hapo, unasoma GMT, yaani majira ya Greenwich, Uingereza. (Ukiizungusha alama sita badala ya tatu, mchana kutwa itakusomea saa za Kiswahili!) Rolex, kwa mfano, waliitenganisha mishale hiyo kwenye saa yao ya GMT-Master II, miaka ya themanini.

Ukiipeleka kwa fundi hapo mjini, aoshe mashine na kutia mafuta, basi. Asikubadilishie pete iliyopauka kwa mpya inayong'aa, wala asipake rangi uso wa saa. Wakusanyaji wanalipia huo uzee.