'R' yangu hutoka 'l': naweza kutangaza mpira?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 19 na natamani kazi mbili: kutangaza mpira redioni na kuigiza. Kikwazo ni ulimi. Nikisema "refarii" wenzangu hujifanya hawakusikia, nirudie ili wacheke tena. Kaka yangu anasema nichague kazi moja, tena ya kimya. Je, yupo aliyewahi kuzifanya zote mbili? Ni mimi, Lefalii.

JIBU: Marahaba, Lefalii. Jina ulilojipa limenichekesha hadi miwani ikadondoka.

Yupo, nawe unamjua kwa kazi yake ya baadaye: Ronald Reagan, aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 1981. Miaka ya 1930 alikuwa mtangazaji wa michezo katika redio ya WHO (jina la kituo, si lile shirika la afya), mjini Des Moines, Marekani. Mechi za besiboli za Chicago Cubs alizitangaza akiwa studio, mamia ya kilomita kutoka uwanjani. Fundi wa telegrafu alimpitishia kikaratasi chenye maneno machache tu, naye akayanenepesha hadi msikilizaji akaliona vumbi. Siku moja waya ukakatika mpigaji akiwa tayari na gongo lake. Reagan mwenyewe alisimulia kwamba hakutaka kukiri, asije akawapoteza wasikilizaji. Akamfanya yule mpigaji apige mipira ya kombo, ile inayotoka nje ya mistari, mmoja baada ya mwingine, maana hiyo haibadilishi matokeo. Ikapita zaidi ya dakika sita. Waya uliporudi, kikaratasi kikasema jamaa alishatoka kwa mpira wa kwanza aliorushiwa!

Hapo alikuwa anatangaza au anaigiza? (Usimwige. Mimi niliwahi kumpa goli mchezaji aliyekuwa amekaa benchi, na simu za siku ile bado zinanilia masikioni.) Mwaka 1937 Reagan aliwafuata Cubs California kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, akajaribiwa mbele ya kamera na kampuni ya filamu ya Warner Bros., akapewa mkataba wa dola 200 kwa wiki. Msomee kaka yako hapo.

Sasa ulimi. Mwigizaji wa filamu Sidney Poitier alizaliwa Miami mwaka 1927 na kukulia Bahama. Akiwa kijana New York alikwenda kujaribiwa kwenye kundi la maigizo la American Negro Theatre. Alisoma kwa kudonoadonoa, na lafudhi ya visiwani ilikuwa nzito. Akafukuzwa, akaambiwa akatafute kazi ya kuosha vyombo. Kilichomuuma ni kwamba kazi hiyo ndiyo aliyokuwa nayo! Akanunua redio, akawa anawasikiliza watangazaji na kuwafuatisha neno kwa neno. Mhudumu mzee wa mgahawani akakaa naye usiku baada ya usiku, gazeti mbele yao, akimfundisha kusoma. Aliporudi kwenye lile kundi alijitolea kufanya usafi ili apate masomo. Mwaka 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora.

Ona basi: mwigizaji huyo alifundishwa kuongea na watu wa redio, wala wao hawakujua.

Mwigizaji James Earl Jones nitamgusa tu. Kigugumizi kilimfanya akae karibu bubu miaka minane ya utoto, hadi mwalimu wake alipogundua anaandika mashairi na kumtaka ayasome kwa sauti mbele ya darasa. Sauti ya Darth Vader, yule mbaya wa filamu za Star Wars, ni yake.

Wewe fanya hivi. Rekodi dakika 5 za mtangazaji unayempenda, umfuatishe kwa pumzi zake, si maneno tu. Kisha kila asubuhi, polepole: "Wale wari wa Liwali hawali wali wa Liwali." Usikimbie, mwendo wa kasi ndio unaoimeza 'r'. Na ikikugomea siku ya mechi, sema "mwamuzi". Mimi nilifanya hivyo misimu mitatu na hakuna aliyeniuliza.