Starlet inatupa mkia baada ya kuibandua: pima kila tairi kabla hujanunua kitu

Mkuu, umeuliza kwa nini Toyota Starlet EP82 yako imeanza kutupa mkia (nyuma kuteleza kwenda pembeni) ukikanyaga breki kabla ya kona, wakati umetoa viti vya nyuma, zulia, jeki na tairi ya spea na ulitegemea itulie. Nimepita humo humo na gari la aina hiyo hiyo, kwa hiyo jibu litakuwa refu kidogo.

Angalia ulichobandua: chote kilikuwa nyuma. Injini na giaboksi, vyenye uzito wa kweli, bado vimekaa puani. Yangu baada ya kuivua nguo, nikiwa ndani, ilisoma kilo 780: mbele 490, nyuma 290. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.3 tu. Ukishika breki vizuri kwenye lami, tuseme 0.8 G (yaani breki yenye nguvu ya asilimia 80 ya uzito wa gari), na kitovu cha uzito kikiwa kama nusu mita juu ya ardhi, kilo 136 hivi zinahamia mbele. Nyuma zinabaki 154 kwa tairi mbili! Na valvu inayogawa nguvu ya breki ilipangwa kiwandani ikijua kuna viti na spea. Ngoma zinabana kama zamani, tairi halina cha kulikandamiza, linajifunga (linaacha kuzunguka na kuteleza), na mkia unataka kukupita.

Kuna aliyekushauri uweke mfuko wa mchanga kwenye buti. Hapana. Utakuwa umelipia kazi ya kupunguza uzito ili uurudishe. Anza na pedi za mbele zinazong'ata zaidi, ili mbele ifanye sehemu kubwa ya kazi kabla nyuma haijafika mahali pa kujifunga. Kisha hamishia betri kwenye buti, upande wa kushoto, kwa sababu wewe unakaa kulia. Betri ya kilo 12 tu, lakini inatoka juu ya pua inakwenda nyuma ya ekseli, hivyo unafaidika pande zote mbili. Ifunge kwa bamba la chuma, si kwa mpira, na fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu na betri yenyewe. Waya ule ukichubuka chini ya sakafu bila fyuzi, gari linaungua.

Sasa sehemu iliyonigharimu msimu mzima. Yangu ilikuwa na ugonjwa wa pili: kona za kushoto pua inakataa kuingia, za kulia mkia unatoka. Nikalaumu matairi, nikabadili shokamzoba, hola. Mpaka nilipopima kila tairi peke yake.

Mizani ya magari ya mashindano ni bei mbaya, nikatumia ya bafuni. Unachukua ubao mnene, ncha moja inakaa juu ya kipande cha bomba kilicholala kwenye tofali, ncha nyingine juu ya kipande kingine kilicholala kwenye mizani, kati yao sentimita 120. Tairi linakaa sentimita 30 kutoka upande wa tofali. Mizani inabeba robo, unazidisha kwa 4. Ubao uwe umeshawekwa na usomaji wake umetolewa kabla ya kupandisha gari. Matairi mengine matatu lazima yainuliwe kimo kile kile, na hapo usiamini macho: nilitumia mpira wa maji kama mafundi ujenzi, sakafu niliyodhani imenyooka ikaonekana imelala karibu kidole kizima. Fungua linki moja ya stabilaiza (chuma kinachounganisha tairi la kushoto na la kulia) kama unayo. Kwenye kiti cha dereva niliweka mfuko wa saruji wa kilo 50 na unga wa kilo 25, mke wangu akauliza chapati zitapikwa lini.

Ikasoma: mbele kushoto 228, mbele kulia 262, nyuma kushoto 159, nyuma kulia 131. Jumlisha kwa mshazari: mbele kulia na nyuma kushoto 421, mshazari wa pili 359. Yaani gari lilikuwa limesimama kama meza yenye mguu mfupi. Na mguu mfupi niliutengeneza mwenyewe, kwa grainda: siku nakata springi ili kushusha gari, ya nyuma kulia niliikata nusu mzunguko zaidi.

Nikaweka pete ngumu ya milimita 18 chini ya springi hiyo. Nikalisukuma gari mbele na nyuma likae sawa, nikapima tena kwa mpangilio ule ule: 241, 249, 146, 144. Jumla ya mbele bado 490, ya nyuma bado 290. Hilo watu wengi hulikosea, wanadhani kwa kuinua springi za nyuma watapeleka uzito mbele. Springi inagawa tu mshazari. Ukitaka uzito utoke mbele uende nyuma, lazima kitu chenyewe kihame, kama ile betri. Kona za kushoto na kulia zikaanza kufanana siku ile ile, na matairi yale yale niliyokuwa nayalaumu.

Kuhusu koilova (springi na shokamzoba za pamoja, kila moja unairekebisha kimo) ulizosema unazinunua mwezi ujao: subiri. Ukizifunga bila kupima utakuwa na miguu minne ya kukosea badala ya mmoja. Upepo wa matairi nao uandike kila mara, na upime mafuta yakiwa kiasi kile kile, kwani lita 20 za petroli ni karibu kilo 15, na zote ziko nyuma.

Wikendi hii tafuta ubao, halafu tupia hapa namba zako nne, uzito wako, na springi ulizonazo kama ni za kiwandani au nawe uliingia na grainda.