Hendo imebaki mkononi: majibu kwa wasomaji kuhusu madirisha

Tangu upepo wa kusi uanze, barua nyingi zinazotufikia ni za madirisha: yanagonga usiku, hayafungi, au hendo imemkatikia mtu mkononi. Tumechagua sita. Tunasema hendo kwa sababu ndilo neno la dukani Kariakoo. Ukisema kishikio utaeleweka, ila jiandae kuulizwa mara ya pili.

Habari za kazi. Dirisha letu la alumini linafunguka kwa nje na lina hendo nyeupe ya kuzungusha. Hendo ilianza kuzunguka bure, nikanunua mpya. Ilishika siku chache, sasa nayo inazunguka bure. Fundi anasema shata lote, yaani ubawa wa dirisha unaofunguka, libadilishwe. Ni kweli? (Msomaji, Kigamboni)

Usikubali kwanza. Hendo yenyewe haifungi kitu. Nyuma yake kuna pini ya mraba inayoingia kwenye giaboksi iliyofichwa ndani ya fremu ya shata, na giaboksi ndiyo inayosukuma vyuma vya kufungia kwenda juu na chini. Kinachoweza kufa ni kimojawapo kati ya hivyo vitatu: hendo, pini au giaboksi. Wewe umebadilisha kimoja kwa kubahatisha.

Fanya jaribio dirisha likiwa wazi. Ukijaribu likiwa limefungwa na giaboksi ikagoma, utalifungua kwa kuvunja. Geuza hendo ikae mlalo, kisha inua au zungusha kile kifuniko cha plastiki kwenye kitako chake. Skrubu mbili zitaonekana. Zifungue, vuta hendo itoke na pini yake. Chomeka tunduni kipande cha chuma cha mraba cha milimita 7, au bisibisi bapa pana linalokaza, uzungushe taratibu. Vyuma vya ubavuni vikitembea, giaboksi ni nzima. Visipotembea, au ukisikia kitu kinakatakata ndani, imekwisha.

Kwa maelezo yako, kwamba ilishika siku chache kisha ikaachia, tunashuku pini fupi. Hendo za aina hii kwa kawaida zina pini ya milimita 7, na kutoka katikati ya skrubu moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 43. Vipimo hivyo viwili vikilingana, muuzaji anakuambia "hii inaingia", na kweli inaingia. Lakini urefu wa pini hutofautiana: 20, 30, 40 na kuendelea. Pini fupi hugusa mdomo tu wa giaboksi. Inashika kwa ncha, inalika kona, halafu inazunguka bure. Kibaya zaidi, na tundu la giaboksi nalo hulika. Chukua kijiti chembamba, kiingize tunduni hadi kigote upande wa pili wa giaboksi, weka alama pale kinapokutana na uso wa fremu, upime. Huo ndio urefu wa pini inayotakiwa kutokeza chini ya kitako cha hendo. Ikizidi utaikata kwa msumeno wa chuma na kulainisha ncha kwa tupa. Ikipungua haina dawa, kwa hiyo ukiwa na shaka nunua ndefu.

Skrubu zikaze kwa bisibisi la mkono. Drili ya umeme inakunja kitako, hendo inakuwa ngumu, halafu watu wanailaumu hendo.

Na ikiwa giaboksi ndiyo imekufa, inauzwa peke yake, shata linabaki. Itoe uende nayo dukani. Kipimo kinachowasumbua wengi ni kutoka kwenye uso wa ubapa wa pembeni wa giaboksi hadi katikati ya tundu la pini: kwa kawaida ni 20, 22 au 25. Tofauti ya milimita 2 au 3 inatosha hendo isikae tena juu ya matundu yake.

Shikamooni. Flati yetu Upanga ina madirisha ya chuma ya zamani. Hendo mbili zimelegea, dirisha linagonga usiku kucha. Ya tatu imekatika shingoni, na skrubu zake zimepakwa rangi miaka na miaka hata mfereji wa bisibisi hauonekani. Nianzie wapi? (Mama wa Upanga)

Marahaba, mama. Anza na zile mbili, maana huenda hazihitaji kununuliwa. Hendo ya dirisha la chuma ina pua inayopanda juu ya kibati kilichofungwa kwenye fremu isiyotembea. Pua ndiyo inayolivuta shata likaze. Pua na kibati hulika kwa kusuguana. Funga dirisha, lisukume kwa kiganja kutoka ndani. Likicheza milimita 1 au 2, fungua kibati, weka chini yake kipande cha bati la unene huohuo, urudishe. Kelele itakwisha. Kama hendo yenyewe inayumba kwenye mhimili wake, kichwa cha ribiti (msumari uliopondwa kichwa unaoishika) kimelegea: mtu ashikilie nyundo nzito upande mmoja, mwingine agonge kidogo kidogo upande wa pili, akijaribu hendo kila baada ya kugonga mara mbili. Ukizidisha, hendo haitazunguka.

Ya tatu ndiyo kazi. Kwanza kwangua rangi yote kwenye mfereji wa skrubu kwa ncha ya kisu cha zamani hadi chuma kionekane. Wengi huruka hatua hii. Bisibisi linateleza, kichwa kinaharibika, na kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Tia mafuta ya kulegeza kutu jioni, uyaache hadi asubuhi. Mafuta ya taa nayo hufanya kazi, ila polepole. Asubuhi tumia bisibisi bapa linalojaza mfereji wote, gonga kitako chake kwa nyundo mara tatu nne ili kutu ipasuke, halafu, na hapa wengi hushangaa, kaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikisogea hata kwa unywele, rudisha, kaza, rudisha. Fundi akija na moto wa gesi mzuie: kioo kiko sentimita chache tu kutoka hapo, kitapasuka, na puti inayokishika itaungua.

Kichwa kikikatika, gonga alama katikati ya skrubu kwa ncha ngumu, toboa kwa biti ya milimita 3, kisha ya 4.2, halafu safisha meno kwa tapu, kile chombo cha kukatia meno ya skrubu, ya M5 (yaani ya milimita 5). Tapu ikikataa, panua tundu liwe milimita 5 na ukate meno ya M6. Lakini tahadhari moja. Madirisha mengi ya umri huo yana skrubu za inchi, hasa ya 3/16, ambayo ni milimita 4.76. Skrubu ya M5 huanza kuingia vizuri, inazunguka raundi moja au mbili, kisha inakwama, kwa sababu meno yake yamepishana kwa nafasi tofauti. Anayeilazimisha anaharibu fremu. Kama skrubu za zamani zimetoka salama, zipige brashi ya waya uzirudishe hizohizo.

Hendo mpya inunuliwe kwa kubeba iliyokatika, vipande vyote viwili. Mambo matatu ya kulinganisha: nafasi kati ya matundu ya skrubu, kimo cha pua kutoka kwenye kitako, na upande. Kuna ya kulia na ya kushoto, na hazibadilishani hata ukiigeuza juu chini. Ukikosa inayofanana, mafundi chuma wa mtaa wa Gerezani huunga shingo iliyokatika, mradi ni chuma; zikiwa za shaba mwambie mapema, kwa sababu shaba huungwa kwa njia nyingine na fundi wa kuchomelea nondo ataiyeyusha. Kabla ya kufunga, piga msasa chuma kilicho wazi na ukipake rangi ya kuzuia kutu.

Dirisha la kusukuma, kitasa cha nusu mwezi hakishiki upande wa pili. Nimebadilisha mara mbili. (Baba wawili, Tabata)

Huna kosa la kitasa. Shata limeshuka. Magurudumu ya chini yamelika au reli imejaa mchanga, kwa hiyo ndoano iko chini ya pale inapotakiwa kuingia. Angalia nafasi kati ya shata na fremu ya pembeni: ikiwa pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, limeinama.

Chini ubavuni mwa shata kuna tundu dogo. Ndani yake ipo skrubu ya kupandisha gurudumu. Zungusha robo raundi, jaribu, rudia. Gurudumu likiwa limekufa, inua shata juu kabisa ndani ya reli ya juu, vuta sehemu ya chini kuelekea ndani, litatoka. Muwe wawili, kioo ni kizito. Magurudumu yabadilishe yote mawili kwa pamoja, na ukiwa hapo zibua yale matundu madogo ya kutolea maji kwenye reli. Yakiziba, mvua ya masika inamwagikia sebuleni.

Kwa kuwa umefunga kitasa mara mbili, matundu ya skrubu huenda yameshapanuka, maana alumini ya hapo ni nyembamba. Kama ulitumia skrubu namba 8 (milimita 4.2), panda hadi namba 10 (milimita 4.8). Nayo isiposhika, tumia ribiti ya milimita 4.8, tundu likiwa 4.9. Ubaya wa ribiti ni kwamba siku ya kubadilisha tena utaitoboa.

Tunaishi karibu na bahari. Hendo za madirisha hazimalizi miaka miwili, zinachanika rangi na kuota unga mweupe. Ninunue za aina gani? (Msomaji, Mbezi Beach)

Unga mweupe ni alama ya hendo za zinki ya kumimina zilizopakwa rangi. Rangi ikipata mkwaruzo mmoja, hewa ya chumvi inaingia chini yake. Ukivunja moja utaona ndani ni kijivu chenye chembechembe, kama biskuti. Hendo ya alumini au ya chuma cha pua itakaa zaidi. Katika chuma cha pua, daraja la 304 linafaa nyumba za ndani ya mji. Ufukweni litapata madoa ya kahawia; halitaoza, lakini madoa yanachukiza. Daraja la 316 ndilo la bahari.

Hata hivyo, mara nyingi skrubu huanza kufa kabla ya hendo. Ile ya chuma iliyopakwa rangi ya fedha inapata kutu, inavimba, inapasua kitako. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida hata kikimeta. Usifunge skrubu za shaba kwenye fremu ya alumini. Zikikutana na chumvi, shaba inaila alumini pembezoni mwa tundu. Paka grisi kidogo kwenye meno ya kila skrubu. Na kila mwezi futa hendo kwa kitambaa chenye maji baridi. Hiyo haigharimu kitu, na ndiyo maana hakuna anayeifanya.

Niko ghorofa ya tatu, nina mtoto wa miaka mitatu. Niweke hendo zenye ufunguo? (Dada wa Kariakoo)

Weka, lakini ufunguo utundikwe karibu, juu ya kimo cha mtoto, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua hata gizani. Tena hendo ya ufunguo inalinda dirisha lililofungwa tu, na kwa joto la Dar dirisha halifungwi. Ongeza kizuizi cha waya au mkono wa chuma kinachoruhusu dirisha kufunguka si zaidi ya sentimita 10, kifungwe kwenye fremu imara kwa skrubu, si kwa gundi.

Nyumba ya kupanga, madirisha ni ya vioo vya lova. Mkono wa kufungulia umekatika. Je, unauzwa peke yake? (Mpangaji, Magomeni)

Mara nyingine, ila mara nyingi utauziwa fremu nzima ya ubavu ikiwa na mkono wake. Kabla ya hapo tazama kwa nini umekatika. Mkono mmoja unageuza vioo vyote kwa pamoja kupitia kile chuma chembamba cha wima. Klipu mbili za kushikia vioo zikigandishwa na rangi au vumbi la mafuta ya jikoni, nguvu yote inaishia kwenye mkono. Ukifunga mpya bila kuzilegeza, huo nao utakatika.

Hesabu vioo, pima upana wa kimoja (kwa kawaida inchi 6, vingine 4) na unene wake, milimita 5 au 6, na uandike mkono uko kulia au kushoto ukiwa umesimama ndani. Toa vioo kwanza, kimoja kimoja kuanzia juu: inua mdomo wa klipu kwa ncha ya bisibisi, kiteleze kando. Toboa ribiti za fremu ya zamani, funga mpya, kisha zungusha mkono bila vioo hadi klipu zote zitembee kwa pamoja. Fremu ya zamani mrudishie mwenye nyumba, mwambie kabla hujaanza. Vioo virudishe kuanzia chini, na midomo ya klipu uikunje kwa kidole gumba. Nyundo hapo ni kioo kipya.