Ukiuguza mtu anayepewa dawa ya nano, uliza dripu ni ya maji gani

Mwaka wangu wa kwanza kazini kama mfamasia, katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, niliitwa wodini saa nne usiku. Nesi wa zamu alikuwa ameinua mfuko wa dripu kwenye taa. "Dokta, mbona hii imekatika kama maziwa?"

Ilikuwa amfoterisini B ya liposomu, dawa ya homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ile inayowapata sana wenye VVU ambao kinga yao imeshuka. Ikichanganywa sawasawa huwa ya manjano na mwanga unapita. Ile ilikuwa na ukungu, na chini ya mfuko punje zimetuama. Mtu alikuwa ameitia kwenye dripu ya chumvi badala ya dekstrosi ya asilimia 5, yaani maji ya sukari. Tuliimwaga. Mdogo wa mgonjwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akitutazama, na macho yale sijayasahau.

Dawa ya nano ni dawa iliyobebwa na chembe ndogo mno. Hapa chembe hizo ni liposomu, vipovu vya mafuta vyenye upana usiofika nanomita 100, wakati unywele mmoja una kama 80,000. Kitu kidogo hivyo hubadilishwa na chochote kinachokizunguka, kwenye mfuko na mwilini pia. Umewahi kumwona abiria anaposhuka basi stendi ya Magufuli, Mbezi? Kabla hajasimama vizuri, bodaboda na wabeba mizigo wameshamfunika. Chembe za nano zikiingia kwenye damu, protini huzivamia hivyohivyo, na ini na bandama hukutana na lile vazi la protini kabla ya chembe yenyewe. Nyingi hunaswa huko. Ndiyo sababu Doxil, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, ilivikwa polietilini glaikoli, kemikali inayopunguza protini kuishika, ili idumu kwenye damu muda mrefu zaidi. Nayo haitaki chumvi.

Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kwa homa hiyo ya fangasi kwa wenye VVU, amfoterisini hii itolewe mara moja tu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mgonjwa, pamoja na vidonge vya wiki mbili. Kwa mtu wa kilo 50 hivyo ni vichupa 10 vya miligramu 50, vyote siku moja. Ukiharibika mfuko huo, imeharibika dozi nzima.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeuguza, uliza bila woga. Nesi mzuri hatakasirika. Dawa ikianza kuingia, usiondoke kwenda kununua maji: mgonjwa akibanwa kifua, akiumwa ghafla kiuno au akishindwa kupumua, mara nyingi huwa ni dakika tano za kwanza. Ita mtu hapohapo, dripu isimamishwe. Na kama mpira wa dripu ulishapitisha chumvi, omba usafishwe kwanza kwa dekstrosi, au ufungwe mpya.