Droni iliyodondoka kwenye ukungu: kabla ya kulaumu maji, tazama ilidondoka dakika ya ngapi

Mleta mada, nimesoma maelezo yako na majibu ya wakuu waliotangulia. Kwa atakayeanzia hapa, kisa ni hiki: droni ya chini ya gramu 250, asubuhi ya ukungu, kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi 1, betri imetoka ndani ya nyumba ikiwa imejaa. Ikapaa vizuri, ikasimama mita 80 juu ikipiga picha. Dakika ya 8 likaja onyo kwamba mota zimefikia kasi ya mwisho. Ikaanza kushuka ingawa kijiti kilikuwa kimesukumwa juu, ikayumba, ikalala upande, ikadondoka. Betri wakati huo ilikuwa asilimia 52. Baada ya kukaushwa imewaka, na mota zote zinazunguka. Karibu kila aliyejibu amesema maji yaliingia kwenye bodi yakapiga shoti.

Sikubaliani nao. Na si ubishi wa bure, maana ukiamini ni shoti utanunua bodi mpya, kisha utaiangusha tena vilevile ukungu mwingine ukija.

Droni zinazoletwa kwangu kutengenezwa wakati wa baridi huja na hukumu tayari: iliingia maji. Nikizifungua, nyingi ni kavu kabisa. Umande hutua juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa yenye unyevu inayokigusa. Droni ikiwa hewani, bodi yake ni ya moto: prosesa inachemka, vidhibiti vya mota vinapitisha umeme mwingi. Hapo umande hauna pa kutua. Unatua baadaye, pale unapoiingiza droni iliyopoa kwenye chumba chenye joto, na hilo nitalirudia huko chini kwa sababu limeua droni kadhaa ambazo safari yenyewe haikuzigusa.

Sisemi maji hayaingii. Tundu za kupitishia hewa zipo, baadhi zina feni, na droni nyingi za kawaida hazina kinga yoyote rasmi dhidi ya maji. Ila maji yakiingia hujitambulisha kwa namna yake: gimbali, yaani kile kishikio kinachotuliza kamera, inatetemeka au inalala, picha inapiga mistari, mota moja inashtukashtuka, droni inazima ghafla au inakataa kuwasha mota. Ni vurugu isiyo na mpangilio. Yako haikufanya lolote kati ya hayo. Yako ilichoka. Lile onyo la kasi ya mwisho maana yake kompyuta ya droni ilikuwa hai na ina akili timamu, inaziamuru mota ziongeze mizunguko, mota zinatii, lakini msukumo haupatikani. Shoti haileti hali hiyo.

Basi swali ni moja: kwa nini mota ziko kasi ya mwisho na droni haipandi? Kwenye baridi na unyevu nina washukiwa wawili wa maana, na kinachowatenganisha ni saa. Droni ikidondoka ndani ya dakika mbili za mwanzo, hasa ukiwa umeipandisha kwa pupa, naanza na betri. Ikidondoka baada ya kukaa kwenye ukungu kwa muda, naanza na propela.

Nianze na betri, maana hata kama si yenyewe iliyokuangusha safari hii, ndiyo inayoangusha wengi. Baridi haiibi umeme uliomo kwenye betri ya lithiamu. Umeme umo, ila kemikali za ndani zinakwenda polepole na ukinzani unapanda. Ni chupa iliyojaa ambayo shingo yake imesinyaa. Nimewahi kupima betri kwa chaja inayosoma ukinzani wa kila seli, kwanza ikiwa na joto la chumba, halafu ikiwa imelala nje karibu na sifuri, na ukinzani ulipanda zaidi ya mara mbili. Chukua mfano wa seli yenye volti 3.85 ikiwa imetulia. Ukinzani ukiwa miliomu 15 na wewe ukavuta ampea 15 kwa kupandisha droni kwa nguvu, unapoteza volti 0.225 na seli inabaki na 3.6 na ushee. Hakuna tatizo. Ukinzani ukiwa miliomu 45, mvuto uleule unakula volti 0.675, na seli inashuka mpaka karibu 3.2. Kwa kompyuta ya droni hiyo ni betri inayokata roho. Inapunguza nguvu au inalazimisha kutua, na asilimia kwenye skrini inaporomoka kutoka tarakimu nzuri hadi za kutisha ndani ya sekunde chache.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mzigo ukiondoka, volti inapanda tena. Jioni ukiipima betri hiyohiyo nyumbani unaikuta nzima, ndiyo maana hakuna anayeishuku. Na ile asilimia ni makadirio tu: kompyuta inahesabu umeme ulioingia na uliotoka, kisha inasahihisha hesabu hiyo kwa kutazama volti. Betri iliyokaa siku nyingi tangu ichajiwe, au iliyozeeka, makadirio yake ni ya kutiliwa shaka hata kabla ya baridi. Mimi wakati wa baridi asilimia siitazami sana. Naweka volti za seli zionekane kwenye skrini.

Lakini betri inapofanya kazi hujipasha joto yenyewe. Yako ilitoka ndani ya nyumba na ilikuwa imeshafanya kazi dakika nane bila kulalamika. Kwa hiyo siiachii huru moja kwa moja, ila siiweki mbele.

Ninayemweka mbele ni barafu kwenye propela.

Matone ya ukungu yanaweza kubaki maji hata chini ya sifuri, yakaganda pale tu yanapogonga kitu. Propela inapita kwenye matone hayo mara maelfu kwa dakika, na ukingo wake wa mbele ndio unaoyapokea. Utasema kipimajoto kilisoma nyuzi 1 juu ya sifuri. Sawa, lakini hicho kipo chini kwenye gari, na vipimajoto vya magari kukosea kwa nyuzi moja au mbili ni jambo la kawaida. Kwa kawaida joto hushuka kama nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 unazopanda. Zaidi ya hapo, propela inainua kwa kupunguza shinikizo la hewa kwenye mgongo wake, na hewa inayopungua shinikizo hupoa. Nyuzi 1 kwenye dashibodi inaweza kabisa kuwa sifuri au chini yake pale panapohusika.

Niliwahi kuitua droni kutoka kwenye ukungu wa aina hiyo kwa sababu tu mlio wake ulibadilika, ukawa mkali zaidi na wenye kukwaruza. Kwenye ukingo wa mbele wa kila propela palikuwa na ukoko mweupe wa barafu, haufiki milimita 2, mgumu, unaoparuza kidole. Nilipoupulizia pumzi ukayeyuka. Hapo ndipo ilipo shida ya kesi hizi: mpaka unaipata droni yako kwenye nyasi, ushahidi umeshakuwa maji, na mtu akiona maji anasema shoti.

Ukoko huo mdogo una madhara makubwa kuliko unavyoonekana. Uzito wake si kitu. Kinachoharibika ni umbo: hewa iliyokuwa inateleza vizuri juu ya ukingo sasa inavurugika, nguvu ya kuinua inashuka na ukinzani wa hewa unapanda kwa pamoja. Kompyuta inaongeza mizunguko ili kubaki pale pale, mizunguko zaidi inavuta umeme zaidi, na barafu inaendelea kujijenga. Halafu kipande kinachomoka kwenye propela moja na si kwenye nyingine, mtetemo unaanza, kona moja inakosa nguvu. Droni ya mota nne haina akiba. Kona moja ikilegea wakati zingine tayari ziko kasi ya mwisho, hakuna pa kuongeza ili kusawazisha, inalalia upande huo. Soma tena ulivyoeleza mwenyewe: ikashuka kwanza, ikayumba, ndipo ikalala. Mpangilio ni huohuo.

Sasa ile grafu uliyoiweka. Mizunguko ya mota ilianza karibu 8,000 kwa dakika, ikapanda taratibu mpaka zaidi ya 11,000, na muda wote huo droni imesimama mahali pamoja. Mkuu mmoja amesema ni upepo. Ungekuwa upepo, mstari wa mwinamo ungeonyesha droni imeinama kupambana nao, na wako umekaa karibu na sifuri mpaka sekunde za mwisho. Mwingine amesema hewa ya baridi ni nzito kwa hiyo mota zilielemewa. Ni kinyume chake. Hewa ya nyuzi 0 ina msongamano mkubwa kuliko ya nyuzi 30 kwa takriban asilimia 11, na propela hupenda hewa nzito: inaishika vizuri, inahitaji mizunguko pungufu kuinua uzito uleule. Mizunguko yako ilipaswa kuwa chini kuliko siku ya joto. Ikiwa inapanda polepole, kwenye mota zote nne kwa pamoja, droni ikiwa imesimama bila upepo, kilichobadilika ni propela zenyewe. Mota mbovu ingejitenga na wenzake watatu.

Mambo mengine yaliyotajwa nayapitia haraka. Ukungu haukati mawasiliano ya gigahezi 2.4 kwa umbali wa kawaida. Majani yaliyolowa yanayasumbua zaidi. Na hata yangekatika, droni ingejirudisha yenyewe, isingedondoka. Vihisi vya kuona huchanganyikiwa na ukungu, vikadhani kuna ukuta mbele, droni ikafunga breki au ikagoma kusogea. Ni kero, lakini haiwezi kupandisha mizunguko ya mota zote namna hiyo.

Kwa hiyo usinunue bodi. Badilisha propela zote hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu plastiki iliyogonga chini kwenye baridi hupasuka nyufa ndogo kwenye shina ambazo jicho halizioni. Zungusha kila mota kwa kidole: inayokwaruza ina uchafu au maji kwenye beringi. Kama unaweza kuifungua, safisha palipolowa kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya zaidi ya asilimia 90, kisha iache ikauke vizuri kabla ya kurudisha betri. Ingekuwa imedondokea maji ya chumvi ningekuambia mengine, maana chumvi huendelea kula saketi hata baada ya kukauka. Betri iangalie ubavuni. Ikiwa imevimba au imebonyea, usiichaji tena, iweke nje mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke inapopokelewa betri mbovu. Hata ikiwa nzima, usiichaji ikiwa bado ya baridi. Kuchaji lithiamu chini ya sifuri hufanya metali ijipange juu ya elektrodi, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Ukirudi kuruka, betri ziweke mfuko wa ndani wa koti mpaka dakika ya kupaa, zikiwa na nyuzi 20 hivi ni vizuri. Ikishapaa iache isimame kimo cha kichwa kwa dakika nzima kabla ya kuipandisha, na sikiliza mlio wake. Modi ya spoti iache. Tua ukiwa na asilimia 35 au 40, usisubiri 20. Kijitabu cha droni yako kitazame pia: baadhi za daraja lako zimeandikwa nyuzi 0 hadi 40, kwa hiyo huenda ulikuwa ukingoni hata bila ukungu. Kwa ukungu ulio karibu na sifuri sina ujanja wa kukupa. Kuna wanaopaka propela mafuta au dawa za kuzuia maji. Sijaona hata moja niliyoweza kuiamini droni ikiwa juu ya kichwa cha mtu. Siku hiyo mimi siruki.

Na lile la chumba chenye joto: ukimaliza, ifunge droni kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, ingia nayo ndani ikiwa imefungwa, iache ipate joto humo. Umande utatua juu ya mfuko. Ukiiingiza wazi, utatua juu ya bodi, na hapo ndipo wale wakuu wa shoti watakuwa na haki.

Kilichobaki ni betri, sitaki kuiachia huru kwa maneno matupu. Toa kwenye logi, yaani kumbukumbu ya safari iliyohifadhiwa na droni, volti za seli zote mbili, kuanzia dakika ya 5 mpaka ilipodondoka, uziweke hapa. Zikishuka pamoja kidogokidogo kadiri mizunguko inavyopanda, ni barafu, zinafuata mzigo tu. Lakini nikiona seli moja imeachana na mwenzake kwa zaidi ya volti 0.2 kabla mizunguko haijaanza kupanda, nitabadilisha nilichosema, na hiyo betri usiirushe tena.