Maswali Yenu: Mama Amekataa Uji

SWALI: Mama yetu ana saratani ya umio na daktari ametuambia tumuuguze nyumbani. Leo ni siku ya nne anakataa uji, tukimlazimisha anapaliwa. Mjomba anasema tunamuua kwa njaa. Tena wazee wametukataza kumwambia ukweli, naye kila jioni ananiuliza, "Nitapona lini?" Nimjibu nini?
– Kifungua mimba, Kondele

JIBU: Pole sana, dada. Tuanze na uji, maana ndio unaowagombanisha. Mwili unaokaribia mwisho hauombi tena chakula: tumbo limepunguza kazi, koo halina nguvu, na kwa ugonjwa wake njia yenyewe imeziba. Uji wa kulazimishwa unaweza kuingia mapafuni ukaleta nimonia. Mjomba ageuze sentensi yake: mama hali chakula kwa sababu anakufa.

Kinachomtesa zaidi ni kinywa kikavu. Chukua kitambaa laini cha pamba, kichovye katika maji safi, kikamue mpaka kisidondoshe, umfute midomo, fizi na ulimi kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho. Malizia kwa mafuta ya kujipaka midomoni. Akitamani kuonja kitu, mwinue kichwa kwa mito miwili, umpe nusu ya kijiko kidogo, akikohoa, acha. Na kile kitambaa mpe mjomba. Anayekazania kijiko mara nyingi hajui mikono yake aiweke wapi.

Sasa lile swali la jioni. Usimwambie "utapona", wala usimmwagie ripoti ya daktari. Mrudishie: "Wewe mwenyewe, mama, unauonaje mwili wako?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu. Kimya kidogo tu kinawatisha, wanaanza kutandika shuka ambayo haijakunjika. Subiri. Akisema, "Naona nimechoka," mjibu, "Hata sisi tunaona, mama. Tuko hapa. Kuna jambo ungependa lifanywe?" Huenda akataja hati ya shamba, deni la chama, au mahali pa kumzika. Akisema, "Nitapona tu," mwachie tumaini lake. Siku nyingine atauliza tena. Wazee wanahofia ukweli utamharakisha, lakini minong'ono ya uani anaisikia, na akigundua mnamficha atabaki na hofu yake peke yake.

Mtu mwenye maumivu hawezi mazungumzo hayo. Kama ameandikiwa morfini ya maji, hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, bila kungoja alie. Hufunga choo, kwa hiyo iambatane na dawa ya kulainisha choo. Kumeza kukimshinda kabisa, msiikatize ghafla: waulizeni wauguzi wa Kisumu Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, njia nyingine ya kumpa.

SWALI: Nilimzika mke wangu miezi mitatu iliyopita. Nimesikia majonzi yana hatua 5. Leo nacheka, kesho nalia ndani ya matatu. Mimi niko hatua ya ngapi?
– Mgane, Bahati, Nakuru

JIBU: Hauko kwenye hatua yoyote, kaka. Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, alizieleza hatua hizo mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Wafiwa walibandikwa hatua hizo baadaye. Watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999, walieleza jambo lililo karibu zaidi na hilo lako la matatu: mfiwa huenda na kurudi, mara kwenye kilio, mara kwenye kodi ya nyumba na karo. Kucheka si kumsaliti marehemu.

Wakati wa matanga kila mtu ana kazi: hema, sufuria, michango, gari la maiti. Watu wakitawanyika ndipo msiba unapoingia nyumbani, kwa hiyo mwezi wa tatu kuwa mgumu kuliko wa kwanza si ajabu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika 2022, huhesabu kuwa ni ugonjwa pale majonzi makali yanapopita miezi 6, yakazidi desturi ya jamii yako na kukuzuia kuishi. Lakini ukianza kuwaza kujiua, au huwezi kulala bila pombe, usihesabu miezi. Nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Kuhusu nguo zake: mashemeji wakizitaka, wape kidogo kidogo, tena ukiwepo. Leso aliyopenda kujifunga jikoni, usiifue bado.